Moshi Usiooshwa na Mvua

Komarock, Nairobi
30 Mei 1999

Kwa Ndambuki, mdogo wangu,

Pokea salamu za nyumba nzima, hata za paka, ambaye tangu uondoke analala juu ya lile koti lako la zamani na hataki mtu aliguse. Sisi hatujambo. Triza wangu ameng'oka meno mawili ya mbele, na kwenye kwaya ya watoto sasa anatoa upepo zaidi ya wimbo. Shemeji yako Luseno yuko vilevile kiwandani Industrial Area, anayeyusha vyuma mchana kutwa, na jioni anatuhubiria kwamba duniani hakuna mvua ila ya kwao Kakamega. Huko Pune mvua imeanza? Chakula umekizoea, au bado unalia pilipili?

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Tangu Jumatano redio inasema ndege za India zinapiga mabomu milimani, kule mpakani na Pakistan. Nilikuwa nakaanga kitunguu, kikaungua chote. Si hao ndio mwaka jana walilipua yale mabomu ya nyuklia ya majaribio, huyu leo, yule baada ya wiki mbili, kama watoto wanaoonyeshana misuli? Na wewe uko katikati yao na vitabu vyako vya mawingu.

Unajua Mama alivyo tangu bomu la ubalozini la Agosti hapa mjini. Luseno alirudi siku ile kwa miguu, nywele zimejaa vumbi, na Mama kule Mutomo alishinda hadi kesho yake hajui kama tuko hai. Sasa hawezi kusikia neno bomu akiwa amesimama. Basi amesema urudi. Si likizo, ni kurudi kabisa. Mjomba Munyoki yuko tayari kukuingiza kwenye chama chao cha wachongaji. Nilimkumbusha kwamba twiga wa kwanza uliyemchonga alifanana na mbuzi mwenye huzuni, akasema hata mbuzi wananunuliwa.

Niandikie ukweli, Ndambuki. Usiniandikie vile unavyomwandikia Mama, "sijambo, nasoma, nasali". Niambie kama kuna hatari, na kama utarudi.

Ni mimi dada yako,
Kamene


Pune
19 Juni 1999

Dada Kamene,

Salamu zako zimefika pamoja na mvua. Imeanza juzi, na nilitoka nje nikalowa kwa makusudi kama mtoto. Mimi ni mzima. Pilipili imenishinda siku nyingi, nimeiachia nchi yake. Mwambie Triza meno yatarudi, na mwambie shemeji kwamba mvua ya hapa ikikutana na ya Kakamega, ya Kakamega itaamkia kwa heshima. Jimale, mwenzangu wa chumba, anawasalimu sana.

Umeniomba ukweli. Nina mwingi mno, sijui nianze wapi, maana mwezi huu silali kwa furaha. Hilo si kosa la kalamu, nimeandika furaha.

Tuna mwalimu anaitwa Daktari Kulkarni, mama mfupi anayetembea haraka kuliko sisi sote. Wiki ile vita vilipoanza aliingia darasani, akafuta ubao, akatuuliza swali moja. Alisema miaka ya themanini wasomi walipiga hesabu: wakubwa wawili wa dunia wakipigana kwa maelfu ya mabomu ya nyuklia, hali ya hewa itakuwaje? Wakaona giza na baridi. Kisha akauliza, nani amepiga hesabu ya majirani wawili wenye mabomu machache? Mkono wangu ukapanda kabla kichwa hakijauliza unakwenda wapi.

Nikueleze. Watu hudhani ubaya wa bomu lile ni mlipuko na sumu tu. Ni kweli, hayo ni mabaya ya kutosha kwa walio karibu. Lakini bomu likianguka mjini linawasha mji: nyumba, mafuta, matairi, plastiki, viwanda kama cha shemeji. Mji mzima ukiwaka pamoja, moshi wake ni mweusi na mzito, na moto unausukuma juu sana. Sasa fikiria jiko la Mama. Mvua ikinyesha, ua unaoshwa ukawa safi. Lakini yale masizi ya kwenye dari yapo tangu kabla sijazaliwa. Kwa nini? Kwa sababu dari hainyeshewi. Na mbingu nazo zina mahali hivyo, juu ya mawingu yote, ambako hakuna mvua ya kuosha kitu. Moshi ukifika huko, haushuki leo wala kesho. Ni mweusi, kwa hiyo unakunywa jua, unapata joto, unazidi kupanda. Upepo wa huko unautandaza juu ya nchi ambazo hazikurusha hata jiwe.

Chini yake ardhi inapoa. Na mvua, Dada, inaitwa na joto la ardhi. Ardhi ikipoa, hii mvua iliyonilowesha juzi inaweza isije. Ya kwetu pia.

Si wasomi wote wanaokubaliana, sitaki kukudanganya. Mwaka 1991 visima vya mafuta vya Kuwait viliwaka miezi, baadhi yao wakatabiri baridi kubwa, na haikuja. Moshi ulibaki chini, ukaoshwa. Ndiyo maana hesabu inatakiwa. Na Daktari Kulkarni amenichagua mimi nimsaidie, kwenye kompyuta ya idara, hadi mwakani. Mimi, mtoto wa Mutomo. Sirudi, Dada. Hata likizo sichukui.

Ninakuomba jambo moja. Usimsomee Mama barua hii. Mwambie nimenenepa. Akisikia haya atapanda basi aje akae kwenye kochi lako mpaka nirudi.

Wako,
Ndambuki


Komarock
11 Julai 1999

Ndambuki,

Sisi wazima, Triza ameota jino moja, paka amezaa juu ya koti lako. Hayo ndiyo ya salamu. Sasa kaa chini kabla hujaendelea. Umekaa? Haya. Mama yuko hapa.

Hakuja jana. Yuko hapa tangu siku mbili baada ya redio kutangaza, alishuka kwenye basi na gunia dogo la ndengu na begi la nguo za miezi. Barua yangu ya kwanza niliiandika amekaa mbele yangu, akinikataza nisimtaje. Alisema, "Mimi ananiandikia kama anamwandikia mwalimu mkuu. Nataka kusikia anavyokuandikia wewe." Ningefanya nini? Mama ni Mama.

Kwa hiyo yako niliisoma mezani kwa sauti. Nilipofika pale pa kupanda basi na kukaa kwenye kochi, Luseno alitoka nje akacheka huko. Mama hakucheka, alisema tu, "Endelea." Ningetaka kuruka sehemu ya moshi, lakini unamjua, anasikia hata karatasi inavyogeuzwa. Nikasoma yote. Nilipomaliza aliinua macho akatazama dari yangu, ambayo ni ya simenti na haina masizi, akaitazama muda mrefu.

Sasa sikia ulichotuletea. Mwaka huu baridi ya Julai imekuja na ukaidi. Wiki nzima hatujaona jua, ni wingu tu kuanzia Kangundo Road hadi mwisho wa macho. Mama hajawahi kukaa Nairobi mwezi wa saba. Kule kwetu jua halikosi kazini namna hii. Juzi alisimama mlangoni amejifunga leso mbili na blanketi la Triza, akatazama juu, akasema, "Moshi umefika."

Luseno akamwambia kwa adabu, "Hapana, Mama. Hii ni baridi ya kawaida ya Nairobi. Kila July iko hivyo. Hata mwaka jana ilikuwa hivi hivi."

Mama akamjibu, "Mwaka jana si pia walilipua?"

Luseno akaja jikoni akaniambia, "Kamene, hapo nimeshikwa."

Ungedhani mambo yangeishia hapo. Mama akamweleza Lenah wa kibanda cha mboga, Lenah akaeleza kina mama wa kanisa, na kina mama wa kanisa unawajua. Sasa estate nzima, hadi Mukuru kwa Njenga anakokaa dada yake Lenah, watu wanaanika mboga zikauke ziwe akiba ya njaa, na jua lenyewe la kuanikia halipo. Jana mchana lilichomoza kidogo. Mama akatoka akalikagua kama mtu anayekagua ng'ombe sokoni, akarudi ndani akasema halina nguvu.

Nimecheka, usidhani sikucheka. Lakini jioni nilimkuta amekaa peke yake, nikamwuliza taratibu. Nikamwambia, Mama, kama moshi ule ukitokea kweli unafika hadi huku, kumrudisha Ndambuki kutamwokoa na nini? Hata Mutomo utafika. Nilidhani nimeshinda. Akasema, "Basi aje tufe pamoja." Nikashindwa, Ndambuki. Nililia pale pale, na ugali ukaungua.

Mjomba Munyoki ameitisha kikao hapa kwangu, cha kuamua urudi au ubaki. Lakini Mama amesema hawezi kumhukumu mtu bila kumsikia, kwa hiyo kikao kinangoja barua yako.

Na uandike ukweli safari hii. Ulisema Jimale anatusalimu. Jimale huyo nilikutana naye Jumamosi Eastleigh, anauza vitambaa dukani kwa mjomba wake. Nilimwuliza, "Si uko Pune wewe?" Akainama. Akasema, "Sister, mwulize Ndambuki kuhusu begi." Sikumwuliza zaidi, nilikuwa na hasira nyingi. Ni begi gani?

Kamene


Pune
25 Julai 1999

Dada Kamene, na Mama, kwa kuwa najua unasikiliza,

Shikamoo Mama. Naona aibu hadi masikioni, na bado nimecheka ile ya mwaka jana mpaka machozi. Hongera kwa paka. Shemeji pole.

Mama, kwanza nikuondolee moja. Wingu la Nairobi si moshi. Mabomu ya mwaka jana yalilipuliwa chini ya ardhi, hakuna mji uliowaka. Baridi ya Julai ipo tangu babu zetu, na itaondoka Agosti ikipenda. Waambie akina Lenah waache mboga zile ziliwe zikiwa mbichi.

Sasa begi. Jimale aliondoka wiki ya kwanza ya vita. Alinisihi tuondoke pamoja, nikakubali. Nilipanga nguo, viatu, Biblia, nikafunga begi, nikaliweka mlangoni. Yeye akaenda, mimi nikasema nitamfuata Ijumaa. Ijumaa ikapita, na nyingine. Nilipowaandikia kwamba silali kwa furaha, begi lilikuwa pale mlangoni, na nilikuwa nalala na viatu. Niliogopa, Mama. Kila ndege ikipita nilihesabu hadi sauti ipotee. Furaha ilikuwa kweli, na hofu pia ilikuwa kweli, na sikujua mtu anaweza kuwa na zote mbili asubuhi moja. Niliandika moja tu.

Kilichonizuia kuondoka ni kompyuta. Mwisho wa Juni hesabu yetu ya kwanza ilitoka. Ina makosa, Daktari Kulkarni ameirudisha imejaa wino mwekundu, wala haitoshi kumwonyesha mtu yeyote. Lakini ilitoka, Dada. Tuliweka moshi wa miji michache tu, tukauachilia, na mashine ikauzungusha usiku kucha. Asubuhi tukatazama. Dunia yetu mle ndani imegawanywa vipande vikubwa sana, na Afrika Mashariki ina kipande ambamo Nairobi, Mutomo na Kakamega ya shemeji viko pamoja. Nikatafuta kipande kile. Mvua yake ilikuwa imepungua.

Nilikitazama kwa hofu, na hapo hapo nikataka kujua zaidi. Je, ni kweli, au ni kosa letu? Mwaka mmoja, au mitatu? Nilirudi chumbani nikafungua begi nikatundika mashati.

Wanasema vita vinakwisha, majeshi yanashuka milimani. Mungu asaidie iwe hivyo. Mabomu yenyewe yatabaki ghalani, pande zote mbili, na hesabu haijakamilika. Nataka kuikamilisha kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka. Lakini sitabishana na kikao. Mama, ukisema nirudi, nitarudi, na twiga wangu Mjomba atawavumilia.

Mwanao na mdogo wako,
Ndambuki


Komarock
15 Agosti 1999

Ndambuki wetu,

Salamu zote utazikuta mwishoni, leo siwezi kuzianza, nitapasuka. Kikao kilikuwa jana.

Alikuja Mjomba Munyoki na vumbi la mbao kwenye nyusi, tukakaa yeye, Mama, Luseno na mimi. Lenah alijifanya amekuja kuuliza kama tunataka nyanya, akakaa. Nikasoma barua yako. Pale pa kulala na viatu nilimpa Luseno barua, akamalizia kusoma yeye.

Mjomba alianza. "Vita vimekwisha, kwa hiyo njia iko wazi. Ndiyo sababu arudi sasa, kabla havijaanza vingine. Hesabu atapiga hata hapa."

Luseno akasema, "Mjomba, hapa atapigia kitu gani? Vidole?" Kisha akanishangaza. Akasema, "Mimi nilikuwa na Kakamega yangu, nikidhani mvua haina mjadala. Sasa naambiwa tuko kipande kimoja na Mutomo. Nataka huyo kijana aniambie kama ni kweli ama ni mchezo."

Mjomba akasema mtoto ni wa mamaye, si wa Kakamega. Wakaanza kupandishiana sauti. Mama alikuwa ameegemea kochi, nikajua neno lake ni lile lile la kufa pamoja. Nilishaanza moyoni kukuandikia barua ya kukuita.

Halafu Mama akamwuliza Mjomba, "Munyoki, unamkumbuka Nzivo?"

Wewe ulikuwa mdogo. Nzivo ndiye aliyekuwa na shamba la juu, mlimani, juu ya mashamba yetu sote. Mwethya, kile kikundi cha kazi cha kina mama, ilizunguka ikichimba matuta ya kuzuia maji, shamba kwa shamba, leo kwako, kesho kwangu. Nzivo akakataa. Akasema shamba ni lake na maji ni ya Mungu. Mvua zilipokuja, maji ya Nzivo yakashuka yakabomoa matuta ya watu watatu, na mahindi ya Mama yakaenda mtoni yakiwa yamesimama.

Mjomba akasema anakumbuka.

"Tulihama?" Mama akauliza. "Tulichukua watoto tukawapeleka bonde la mbali? Yale maji yangetufuata huko huko. Tulipanda hadi kwa Nzivo na majembe, tukakaa uani kwake tukaimba. Alitutukana, tukaimba, mpaka akakubali. Na kabla ya siku hiyo tulimtuma mke wa ndugu yake azungumze naye, kwa sababu ndiye aliyekuwa tayari ndani ya boma."

Akamgeukia Luseno, akachukua barua yako mkononi mwake, ingawa unajua hasomi bila miwani. "Na sasa mtoto wangu yuko ndani ya boma la jirani wa juu. Ameshakaribishwa, anakula chakula chao, ana mwalimu mama wa huko huko anayeuliza swali tunalotaka liulizwe. Na mimi ndiye nataka kumwita ashuke aje tungoje maji pamoja? Nimekuwa mjinga tangu mwezi wa tano na nyote mmenitazama."

Mjomba akasema, "Lakini Nzivo alikuwa mtu mmoja na panga. Hawa wana mabomu."

"Najua," Mama akasema. "Ndiyo maana ninaogopa." Akaanza kulia waziwazi mbele yetu, na hakuna aliyemzuia. Lenah akalia naye. Mjomba akajifuta uso kwa kofia, akasema basi, abaki, na tusimwambie mtu kwamba Munyoki alilia.

Ndambuki, unabaki. Niliruka hadi nikagonga meza. Luseno amemwimbia Triza wimbo kuhusu wewe na kompyuta, haufai kuandikwa hapa.

Salamu ndizo hizi: wa nyumbani wote wazima, jua limerudi, Mama ameliona akalipitisha. Anaondoka Jumanne kwenda kutayarisha shamba kabla ya mvua za Oktoba. Ameniambia niandike maneno yake yalivyo, nisiongeze. Haya hapa:

"Ndambuki. Huyu ni mama yako. Vua viatu ukilala. Mwamkie huyo mwalimu wako, mwambie nimemshukuru. Hesabu ikikamilika, usituletee sisi peke yetu, wapelekee wao wenye mabomu, pande zote mbili, wakikataa kaa uani kwao. Nitakuwa naogopa kila siku, usiniambie nisiogope. Nilikuwa nataka uje tufe pamoja. Nimeacha kutaka hivyo. Sasa nataka tusife."